Mzee Bila Anwani na Kuku wa Uani

Jumatatu, 3 Aprili

Leo nimepandishwa cheo. Nimefungua baraza letu la mtandaoni la wenye magari-nyumba asubuhi nikakuta chini ya jina langu pameandikwa MKONGWE. Jana nilikuwa Msafiri tu. Mashine ya baraza haiulizi umefika wapi – inahesabu majibu. Jibu langu la elfu nne nililitoa jana baada ya chakula cha mchana: namna ya kuzuia sahani zisigongane kabatini gari likiwa mwendoni. Unaweka taulo kati ya sahani na sahani. Nililisoma kwa mtu mwingine mwezi wa pili.

Niandike ukweli hapa, maana daftari hili halina msomaji. Gari-nyumba letu lina urefu wa futi thelathini na tatu, jiko, choo, bafu, na kitanda kikubwa kwa nyuma. Lilifika uani Juni mwaka jana. Halijatoka tena. Sasa hivi theluji imefika nusu ya magurudumu. Kila siku nikishakunywa kahawa nakuja humu, nawasha hita ndogo, nafungua simu, nakuwa Mzee Bila Anwani. Ndilo jina langu barazani. Anwani yangu haijabadilika tangu 1983.

Wanabaraza wanaamini nimetembea majimbo thelathini na nane. Sikusema mimi. Mtu alisema, nami sikukanusha.

Miaka thelathini na minne nilikuwa mkaguzi wa mizani na vipimo. Nilizunguka na mawe yangu ya shaba, nafunga pampu za mafuta zinazopunja kijiko kimoja kwa galoni. Wauza nyama walikuwa wakiniona wanavaa kofia vizuri.

Mke wangu, Lavonne, amegonga dirisha kwa mwiko. Akauliza, kile kipuri cha gari kimefika? Nikamwambia bado, kinatoka Indiana, huko nako wana foleni.

Hakuna kipuri.


Jumatano, 5 Aprili

Kwa nini hakuna kipuri. Niliandike mara moja, nisirudie.

Siku tuliyolichukua gari kule Duluth, mimi niliendesha, Lavonne akanifuata nyuma na gari letu dogo. Maili arobaini na tano bila kosa. Tulipoingia Moose Lake, mji wetu, nikasema moyoni, tusherehekee. Nikaingia kwenye kile kichochoro cha duka la donati ambapo unaagiza ukiwa ndani ya gari. Pale juu pana ubao: futi tisa. Gari letu lina kimo cha futi kumi na mbili. Nimesoma vipimo maisha yangu yote. Huu sikuusoma.

Sikusikia kishindo kikubwa. Nilisikia kama mtu anafungua mfuko wa chipsi. Nikalipa, nikapokea donati sita, nikashukuru, nikaondoka. Nikavuka mitaa minne nikiwa nimebeba kibaraza cha duka juu ya paa, na bango lake la KARIBU TENA limeinama kuelekea nyuma, likimkaribisha mke wangu aliyekuwa anapiga honi kama harusi. Mimi nilidhani anafurahi.

Gazeti letu liliweka picha. Kichwa cha habari: Mkaguzi wa Vipimo Akosea Kimo. Bima ilimaliza mambo. Lakini Duane, jirani yangu wa miaka ishirini, aliikata ile picha akaibandika kwenye friji ya karakana yake, na kila akifungua kinywaji ananisalimia kwa mbali.

Basi. Nikishika ule usukani, mikono inakufa ganzi mpaka kwenye viwiko.


Jumanne, 11 Aprili

Vita vya karatasi ya chooni vimeingia ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili. Upande mmoja unasema tangi la choo cha gari linataka karatasi maalumu inayoyeyuka. Upande wa pili unasema ni ulaghai, karatasi yoyote inafaa, weka maji tu. Mtu wa Idaho amemwita mtu wa Florida mwoga wa maji. Wamefungiwa wote wawili siku tatu.

Mimi ni mtu wa vipimo. Nimechukua mitungi mitatu ya Lavonne ya kuwekea jamu, nikatia aina tatu za karatasi, maji sawasawa, nikaitikisa kwa hesabu ya sitini. Nimeipanga dirishani jikoni.

Lavonne akaitazama kwa muda. Kisha akaniuliza kwa upole kama naumwa.

Nikamwambia ni sayansi.

Akasema bibi yake naye alianza hivihivi.


Ijumaa, 21 Aprili

Mgeni mpya barazani, mwanamke. Jina lake Kuku wa Uani. Amefungua uzi wake wa kwanza wa mazungumzo. Naunakili hapa maana umenigusa:

“Jamani, mimi ni mgeni. Mume wangu alinunua gari-nyumba. Anakaa ndani yake kutwa nzima, anakula mle, anacheka peke yake mle, lakini halijawahi kutoka nyumbani. Anasema anasubiri kipuri. Kuna kipuri kinachochukua miezi kumi? Nianzie wapi?”

Maskini mama. Wanaume wa namna hii wapo wengi, nimeshasoma visa kama hivi ishirini barazani. Wananunua, wanaogopa, wanajificha. Mimi angalau nina sababu.

Nilimjibu kwa urefu. Nikamwambia: dada yangu, hakuna kipuri. Huyo mume wako ndiye kipuri kibovu. Usimsubiri. Ufunguo wa gari hauna jinsia. Jifunze kuendesha mwenyewe, siku moja awashe taa akute kiti cha dereva kina mtu.

Laiki tisini na nne mpaka saa ya chakula. Sijawahi kupata hata arobaini.

Akanijibu: “Asante, Mkongwe. Sikutegemea wewe ndiye uniambie hivyo.”

Ana adabu. Siku hizi wageni hawashukuru.


Jumatatu, 24 Aprili

Theluji inayeyuka. Uani ni tope tupu.

Nimeweka picha mpya barazani: mimi na kikombe changu, nyuma yangu dirisha la gari-nyumba. Nikaandika, Kahawa ya asubuhi, Utah. Picha ilikatwa vizuri, theluji haionekani.

Kuku wa Uani akauliza: “Mti huo dirishani ni mzuri. Na kile kinyumba cha ndege cha buluu juu yake. Ni huko Utah?”

Nikamwambia ni Utah, dada. Huku watu wanapenda ndege sana.

Hakuandika tena leo.


Jumatatu, 1 Mei

Nimekamatwa.

Almeda wa Amarillo amenitumia ujumbe wa faragha. Almeda ndiye mkongwe wa kweli. Ana miaka themanini na mmoja, ishirini na tisa kati ya hiyo ameimaliza barabarani, mumewe alizikwa njiani huko Nevada naye akaendelea na safari baada ya matanga. Haandiki sana. Akiandika, watu wanafyata ulimi.

Ujumbe wenyewe: “Kijana. Mti mmoja, kinyumba kimoja cha ndege, cha buluu. Januari ulikuwa nao Arizona. Machi ukawa nao New Mexico. Sasa uko nao Utah. Nimeona vitu vingi vikimfuata mtu kwenye safari – mbwa, mashemeji, madhambi. Sijaona mti.”

Nilikaa kitandani nikahisi nimezeeka kwa mkupuo. Nikamwandikia kila kitu. Kibaraza cha duka, bango, ganzi ya mikono. Nikamwomba asiseme.

Akajibu baada ya saa nzima: “Sitasema. Nina kazi zangu. Lakini unawafundisha watu kuogelea na wewe huna hata ndoo. Kuanzia leo, kabla hujamjibu mtu jambo la mwendo – breki, kona, mlima – uniulize mimi kwanza. Ukikosea kuhusu sahani, sahani itavunjika. Ukikosea kuhusu mlima, atavunjika mtu.”

Nikasema ndiyo, mama. Nina miaka sitini na saba. Sijasema ndiyo mama hivyo tangu shule.


Alhamisi, 4 Mei

Niandike kwa utaratibu.

Asubuhi nilikuwa jikoni, nimesimama dirishani natazama mitungi yangu mitatu. Wa kati umeshayeyuka wote, wa kushoto una mabonge. Simu ikalia. Kuku wa Uani ameandika kwenye ule uzi wake:

“Sasa zimepita wiki tatu. Ameweka karatasi za chooni kwenye mitungi yangu ya jamu, mitatu, dirishani jikoni. Kila asubuhi anaisalimia. Sasa hivi amesimama hapo.”

Nilisoma mara mbili. Nikatazama mitungi. Nikageuka.

Lavonne alikuwa mezani, miwani puani, simu mkononi. Akauliza kama nataka yai.

Nikasema yai, ndiyo.

Nimekula mayai mawili sikuonja hata moja. Sasa niko humu ndani ya gari, mlango nimeufunga kwa komeo. Mimi ndiye niliyemwambia mke wangu kwamba mume wake ni kipuri kibovu. Watu tisini na wanne wakanipigia makofi.

Na kile kinyumba cha ndege? Alikipaka rangi ya buluu yeye mwenyewe, miaka sita iliyopita, nami nikashika ngazi. Akaniuliza kama ni Utah. Nikasema Utah.

Anajua? Au aliuliza tu kwa sababu kinafanana na chake? Lavonne si mtu wa kuzunguka. Akiona uchafu anasema uchafu. Lakini mtu aliyekaa miezi kumi anaambiwa Indiana wana foleni, huenda naye akajifunza kuzunguka.


Jumamosi, 6 Mei

Nilijaribu kumwambia. Alikuwa anakunja nguo. Nikasema, Lavonne, nina jambo.

“Kipuri kimefika?”

“Bado.”

“Basi shika hiyo ncha ya shuka.”

Tukakunja shuka. Tunakunja vizuri sana mimi na yeye, hatuhitaji kusemezana. Zikaisha shuka, sikuwa nimesema.


Jumanne, 9 Mei

Nimefanya jambo baya. Nilidhani nikimtisha ataacha wazo la kuendesha. Nikiwa Mkongwe nikamwandikia Kuku wa Uani orodha ya mambo arobaini na saba ya kukagua kabla ya kuwasha gari-nyumba. Nikachanganya ya lazima na ya kijinga. Pima upepo wa kila tairi kukiwa na baridi. Lala chini utazame kama kuna panya amejenga. Toa ile dawa ya rangi ya waridi ya kuzuia mabomba yasigande, suuza mara tano. Piga hodi kwenye kila ukuta usikilize kama unalia utupu.

Akajibu: “Asante. Naanza leo.”

Mchana nikiwa nimekaa humu ndani, nikasikia ngo, ngo, ngo. Kwa nje. Ukuta wa kulia, kisha wa nyuma, kisha wa kushoto. Nikafungua pazia kidogo. Lavonne, amevaa ovaroli langu la zamani, sikio lake liko ukutani.

Nikafungua dirisha nikamuuliza anafanya nini.

Akasema anasafisha.


Ijumaa, 12 Mei

Amemaliza yote arobaini na saba. Kwa siku nne. La panya lilikuwa kweli: kiota kimoja, chini ya betri, na wenyewe wamo.

Ameweka picha barazani. Laiki mia tatu na kumi.

Almeda amenitumia ujumbe: “Nani alimwambia apige hodi ukutani?” Nikakiri. Akasema kwa miaka ishirini na tisa hajawahi kupiga hodi kwenye gari lake, isipokuwa mara moja alipojifungia nje bila nguo huko Wyoming. Kisha akaniuliza kitu ambacho sikukitarajia: huyu Kuku wa Uani ni nani wako?

Nikamwambia.

Jioni kabla ya chakula akatuma neno moja: “Lo.”


Alhamisi, 18 Mei

Duane alikuja uani na bia mbili. Akaliegemea gari. Akasema, jirani, hii kitu ingekuwa mti ingeshakatwa kuni. Nikacheka nisionekane nimechomwa. Kisha akasema, hivi mkeo ameanza kazi? Nikauliza kazi gani. Akasema amemuona kwenye uwanja wa kanisa, anazungusha basi la waimbaji kati ya makopo ya rangi. Anaenda mbele, anarudi nyuma. Mchungaji amesimama pembeni ameshika kofia kifuani kama yuko mazishini.

Jumanne na Alhamisi huwa ananiambia anaenda mazoezi ya kwaya.

Nikamwambia Duane huo ni utaratibu mpya wa kwaya.

Akanitazama. “Harlan, mimi nakutania, ndiyo, ile picha nimebandika. Lakini yule mwanamke amegonga kopo moja tu kati ya kumi na mbili. Wewe uligonga duka.”


Jumamosi, 20 Mei

Kuku wa Uani ameuliza kuhusu kona. Gari refu likikata kona kulia, mkia wake unatupwa kushoto – anajikinga vipi? Swali la mwendo. Nikamuuliza Almeda kama nilivyoahidi. Almeda akaeleza: nenda mbele kuliko moyo wako unavyotaka, ndipo ukate; na kabla ya kukata tazama kioo cha upande usioenda, maana mkia hauna macho, wewe ndiye macho yake.

Nikamwandikia neno kwa neno. Dakika kumi baadaye basi la kanisa likapita hapa kwetu, polepole. Lavonne yumo juu, mgongo umenyooka kama mshumaa. Akaenda mbele kuliko nilivyotaka mimi. Akatazama kioo cha kushoto. Akakata kulia. Ule mkia ukapita kwenye sanduku la barua la Duane kwa nafasi ya kiganja.

Hakutazama huku.

Nilipiga makofi peke yangu ndani ya gari lililosimama. Kisha nikalia kidogo. Sijui ni kwa lipi.


Jumatano, 24 Mei

Nimeamua kumtetea huyu mume. Nikaandika kwenye uzi wake kwamba huenda mume wake si mvivu wala mwongo kwa asili. Huenda aliaibika siku moja, na aibu ya mtu mzima ni kama jino bovu, haionekani ila inalala naye. Huenda inafaa amsamehe.

Baraza likanigeukia. Mtu wa Idaho akauliza Mzee Bila Anwani amepatwa na nini, zamani alikuwa mkali. Mtu wa Florida akakubaliana na mtu wa Idaho, mara ya kwanza katika historia ya baraza. Mwingine akasema nimenunuliwa na waume.

Kuku wa Uani ndiye aliyejibu mwishoni. Nanakili:

“Simlaumu kwa kuogopa. Mimi pia naogopa, kila nikiwasha basi. Wala sikasiriki kwamba gari halitembei. Tarehe 10 Juni tunatimiza miaka arobaini. Tulipooana aliniahidi Grand Marais, ziwani, siku tatu. Ikanyesha, tukasema mwakani. Sihitaji Grand Marais. Ila kila asubuhi anatoka mezani anavuka uani, hatua ishirini, anahamia mahali nisipopajua. Namwona dirishani anaongea na watu. Anawachekesha. Mimi nakosha kikombe chake.”

Nimeisoma mpaka simu imeishiwa chaji.

Miaka thelathini na minne nilikuwa napima vitu vya watu nikiwaambia, huku mmepunguza.


Ijumaa, 2 Juni

Joto. Mbu wamefika kwa pamoja kama wamekuja na treni.

Leo, Lavonne akiwa kanisani, niliketi kwenye kiti cha dereva. Almeda, ambaye jana alinifundisha hata kushuka mlima, alinielekeza kwa ujumbe. Usiwashe, alisema. Shika tu usukani, hesabu mpaka mia. Nikafika sitini na mbili. Ganzi ikapanda.

Kesho rudia, akasema.


Jumatano, 7 Juni

Tisini na moja.


Ijumaa, 9 Juni

Kuku wa Uani ametangaza barazani: “Kesho naondoka. Naye au bila yeye. Naomba dua zenu.”

Majibu mia nne. Watu wanamwekea picha za maua, za ramani, mtu mmoja amemwekea picha ya kuku aliyevaa miwani. Wote wanaulizana Mzee Bila Anwani yuko wapi, mbona hamuagi mwanafunzi wake.

Nimefunga simu nikaenda mezani.

Wakati wa chakula cha jioni – wali na uyoga, ule wa kuoka, tunaoupenda – alinitazama akasema kesho ni Jumamosi. Nikasema ndiyo, ni Jumamosi. Akangoja. Alinisubiri kama mtu aliyeshika mlango ili mwenzake mwenye mizigo apite. Mimi nikamwomba chumvi.

Nimeamua. Kesho asubuhi na mapema nitaandika barazani kila kitu. Jina langu, mtaa wangu, kibaraza cha duka, mti. Kisha nitavuka uani nimsomee yeye kabla hajakisoma. Zile hatua ishirini, safari hii kwenda upande ule mwingine.


Jumamosi, 10 Juni

Naandika haraka, na maandishi yanaruka – nitaeleza.

Saa moja na nusu asubuhi niliingia humu nikaanza kuandika ungamo langu. Nilifika pale pa donati. Kisha nikaingia chooni na simu. Nikiwa mle nikasikia mlango wa mbele unafunguliwa. Hatua. Kikapu kinawekwa chini. Kiti cha dereva kikalia.

Nilitaka kusema kitu. Kweli nilitaka. Lakini mtu unaanzaje mazungumzo ya namna hiyo ukiwa pale nilipokuwa.

Injini ikawaka. Miezi kumi na miwili nimekaa ndani ya hili gari, sijawahi kulisikia likitetemeka. Likanitetemesha mpaka meno. Kisha likatoka. Kupitia kidirisha cha choo niliona birika la kuogea ndege likipita, kisha mti, kisha karakana ya Duane, na Duane mwenyewe, bia mkononi saa hiyo ya asubuhi, mdomo wazi. Aliniona. Nilimwona anainua ile bia taratibu, kama mtu anayeheshimu bendera.

Kona ya kwanza – akaenda mbele, akakata. Sanduku la barua likasalimika. Pale kwenye duka la donati akapunguza mwendo. Nikafumba macho. Akapita barabarani, hakuingia.

Nilipopata nguvu nikatoka chooni kwa magoti, nikaingia chumba cha nyuma, nikavuta pazia. Ndipo nilipo. Nimekaa kwenye kona ya kitanda, daftari gotini. Anaimba huko mbele. Wimbo wa kanisani, anausahau katikati anarudia mwanzo.

Ameendesha saa nzima bila kosa, amekaza mwendo wa babu. Watu wamempigia honi. Moja aliijibu kwa kumpungia mkono.

Sasa tumesimama. Nimechungulia: kituo cha mapumziko juu kabisa ya mlima, pale ambapo unaliona ziwa zima limelala chini na mji wa Duluth kando yake. Kutoka hapa barabara inateremka, maili kadhaa, mteremko kama paa la ghala. Lavonne hajazima injini. Haimbi.

Simu yangu ikatetemeka mkononi. Barazani:

“Kuku wa Uani hapa. Niko juu ya mlima mrefu, sijawahi kushuka na gari zito. Swali langu ni kwa Mzee Bila Anwani peke yake. Nishukeje?”

Swali la mwendo. Nikamtumia Almeda ujumbe. Nikasubiri dakika moja, mbili. Tatu. Kisha jibu likaja: “Hilo unalijua. Nimekufundisha wiki iliyopita. Mjibu mkeo.”

Nikaandika kwa kidole kimoja. Weka gia ya chini kabla hujaanza kushuka, si katikati. Acha injini ikuzuie. Usilalie breki, kanyaga kwa nguvu kidogo, achia, ipoe, kanyaga tena. Wanaokupigia honi nyuma, waache, wana haraka zao. Unaweza. Nimekuona ukik–

Nikafuta hayo maneno ya mwisho. Nikatuma.

Huko mbele nikasikia simu yake ikilia. Ting. Hatua kumi na mbili kutoka nilipo. Nikamsikia anavuta pumzi, anasoma kwa sauti ndogo kama anavyosoma maelezo ya dawa. Gia ikaingia, klak.

Lakini hakuondoka. Simu yangu ikatetemeka tena.

“Asante, Mkongwe. Jambo moja la mwisho. Tangu nyumbani nina mzigo huku nyuma, unatambaatambaa. Nadhani sasa uko kitandani. Nishuke nao hivyohivyo, au nisubiri uje ukae mbele?”

Mtu wa Idaho ameshajibu: ufunge kwa kamba. Mtu wa Florida amesema kamba haifai, utupwe. Watu wanaulizana ni mzigo wa kilo ngapi. Almeda amewaandikia wote kwa herufi kubwa wanyamaze, swali lina mwenyewe.

Nimeandika neno moja kwenye kisanduku cha majibu: Subiri. Sijalituma. Nimesimama, kichwa kimegonga kabati, na lazima amesikia maana taa ya ndani imewashwa. Pazia liko mbele ya pua yangu. Kupitia upenyo wake naona kiti cha kando ya dereva. Ameshakiondolea kikapu.